Kitambaa Kilichorudi Cheupe

Tabea alikuwa na kitendawili kimoja kilichowashinda wanawake wote wa kijiji, na siku kilipoteguliwa, aliyekitegua alikuwa amempa mgongo.

"Namlisha kila siku, sijawahi kumwona akitafuna," aliwatega siku ile wakipukuchua mahindi uani kwake.

Mmoja akasema moto. Mwingine akasema jiwe la kusagia. Jirani yake Priska, ambaye hakosi neno, akasema ni panya wa ghalani. Tabea akakataa yote, akadai apewe mji. Kabla hajapewa, sauti ya kiume ikasikika nyuma ya ukuta wa jiko, ikizungumza na kuku.

"Wewe kuku, mwambie mama mwenye nyumba kwamba huyo ni mkwe."

Wanawake wakacheka hata mahindi yakamwagika. Aliyekuwa nyuma ya ukuta ni Anania, mume wa Esteria, na Esteria ndiye mtoto pekee wa Tabea. Jibu lilikuwa sahihi kabisa. Kwa Wabena wa siku zile mama na mkwe wake hawakutazamana usoni, hawakusemezana ana kwa ana, wala hawakupokezana kitu mkono kwa mkono. Mkwe akitokea njiani, mama alijitanda kanga usoni na kuingia majanini mpaka apite. Chakula alimpikia, tena kizuri, lakini kilipitia mikononi mwa binti. Lenye kuhitaji kusemwa aliambiwa kuku, au mti, au binti, na mwenyewe akasikia. Hapakuwa na chuki ndani yake. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima.

Na Anania aliijua heshima. Jiko la Tabea lilipoanza kuvuja, alisubiri mpaka mama mkwe amekwenda Kidugala kwenye mkutano wa kanisa, akaliezeka upya, akaondoka kabla hajarudi. Tabea aliporudi alisimama chini ya paa jipya, akamshukuru kuku kwa maneno mengi.

Mumewe Tabea alikwenda manamba huko Tanga, kwenye mkonge, na kilichorudi ni habari za kifo chake tu. Alichomwachia mkewe ni chemchemi iliyotoka chini ya kilima cha mawe, upande wa mawio, na bonde dogo chini yake. Kiangazi, wakati mashamba ya juu yamekauka na baridi ya Njombe imeunguza majani, Tabea alilima vinyungu vyake pale bondeni: matuta ya tope jeusi, njegere, maharage, viazi, kabichi. Mahindi mabichi alikuwa nayo wakati wenzake wanakula ya ghalani. Chemchemi ile ndiyo ilimlea Esteria na kumsomesha. Bila hiyo Tabea angekuwa mwanamke wa kuomba.

Mwaka mmoja au miwili baada ya Malkia wa Waingereza kutawazwa, mzungu mmoja alifika na lori, mahema na mtambo wa kutoboa miamba. Mgeni huyu hakuuliza habari za dhahabu wala makaa ya mawe. Alipanda kile kilima juu ya chemchemi ya Tabea, akapiga magoti, akaanza kupima nyufa za mwamba. Kila ufa aliupima urefu kwa utepe na upana kwa kijiti cha chuma, akaweka dira juu yake kuona umeelekea wapi. Watu wakamwita Bwana Nyufa.

"Kama ni mipasuko anayotafuta," alisema Priska, "aje aipime ya visigino vyangu. Atajaza vitabu."

Anania, kwa kuwa alisoma na Kiingereza alikijua, alichukuliwa kuwa mkalimani wake. Siku moja Bwana Nyufa aliwakusanya watu kilimani awaeleze kazi yake ili wasimwogope. Tabea alikaa nyuma kabisa, kanga usoni, akimsikiliza mkwe wake akigeuza maneno ya mzungu kuwa Kibena.

"Anasema mafuta ya taa mnayowasha hutoka chini ya ardhi, nchi za mbali. Watu hudhani yamekaa huko kama ziwa. Sivyo. Yamo ndani ya mwamba uliopasuka-pasuka. Jiwe lenyewe limebana, halipitishi kitu kwa urahisi. Nyufa ndizo njia. Ukitoboa mahali pamoja, unaweza kuvuta mafuta ya mbali sana kama nyufa zimeshikana, na ukitoboa jirani tu na hapo ukakosa hata tone, kama hazikushikana. Huko chini hakuna anayeweza kuingia akaona. Kwa hiyo wametafuta mlima ambao nyufa zake ziko wazi juani, na maji yake yanatokea chini. Wakijua maji yanavyopita hapa, watakisia vizuri mafuta yanavyopita kule."

"Hapa hakuna mafuta?" aliuliza mzee mmoja.

"Hakuna."

"Basi amekuja mbali sana kutazama kitu kisichokuwapo."

Watu wakacheka, na Bwana Nyufa alipotafsiriwa akacheka pia.

Ila kulikuwa na jambo la pili, na hilo halikuwa la kuchekwa. Ng'ambo ya kilima alikaa mlowezi mwenye kondoo wengi, ambaye watu walimwita Bwana Kondoo. Yeye ndiye aliyempa Bwana Nyufa mahali pa kupiga mahema, na kwa wema huo aliomba kitu: shimo refu litakalotobolewa juu ya kilima, kazi ikiisha, aachiwe yeye afunge mashine ya kuvuta maji ya kondoo wake. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alikuja kutoka boma la Njombe, akakaa barazani, akatoa masharti. Bwana Nyufa atamwaga rangi katika shimo lile. Rangi ikitokea katika chemchemi yoyote ambayo watu wanaitegemea, shimo litazibwa kwa saruji. Isipotokea, Bwana Kondoo atafunga mashine yake.

Kwa hiyo kila chemchemi iliyozunguka kilima ikapewa mlinzi, na kila mlinzi akapewa vitambaa vyeupe vya pamba vya kufunga kwenye kijiti ndani ya maji. Kitambaa kikibadilika rangi, akitoe na kukipeleka kambini siku hiyohiyo; kikibaki cheupe, akipeleke mwisho wa kazi. Tabea akawa mlinzi wa chemchemi yake mwenyewe.

Siku ya kumwaga rangi alipanda kuona. Ilikuwa unga mwekundu kama vumbi la tofali, lakini ulipogusa maji yakawa kijani cha kung'aa, kijani ambacho hata majani hayana.

"Aliingia mwekundu, akatoka kijani," Tabea alimwambia Priska wakiteremka.

"Kinyonga," alisema Priska.

"Huyu hana miguu, lakini huenda akafika kwangu kabla ya kinyonga."

Zilipita siku za ukungu. Tabea alikuwa akiamka, anateremka bondeni, anatazama kitambaa. Kilikuwa cheupe. Akirudi jioni, cheupe. Moyo wake ulikuwa na hali ngeni: alitaka maji yake yabaki safi, na papo hapo akaiomba rangi ije, maana rangi ndiyo ingeziba shimo.

Ikaja. Asubuhi moja ukungu ulipopasuka, jua likaingia kwenye maji, na Tabea akaona kana kwamba mtu ameoshea majani ya maboga pale ndani. Akavuta kijiti. Kitambaa kilikuwa kijani. Alikaa ukingoni akicheka peke yake, kisha akakiweka katika kikapu cha nyasi za milulu na kupanda kambini.

Bwana Nyufa alikuwa upande wa pili wa kilima na utepe wake. Anania alikuwa ndani ya hema, ameinamia meza. Tabea alipoona mgongo wa mkwe wake tu, alisimama mbali, akajitanda kanga, akageukia bonde. Esteria alikuwa pale, amemletea mumewe chakula. Akaja.

"Kimebadilika?" aliuliza Esteria.

"Tazama mwenyewe, mwanangu. Kama kinyonga wa Priska."

Esteria alikitazama muda mrefu. "Nipe, mama. Nitampa mkononi."

"Mwambie ni asubuhi hii, ukungu ulipoondoka."

"Nitamwambia. Wewe nenda kapumzike."

Tabea angeweza kumwambia mti uliokuwa karibu, kwa sauti kubwa, na Anania angesikia. Lakini mti wa nini, binti akiwa pale? Akamkabidhi kikapu, akarudi nyumbani akiimba wimbo wa kanisani.

Baraza la mwisho lilikuwa wazi kwa wote. Bwana Shauri alikaa katikati, Bwana Kondoo kulia kwake, Bwana Nyufa kushoto. Anania alisimama mbele kusoma majibu, chemchemi moja baada ya nyingine, na Tabea alisikiliza nyuma ya wanawake, uso umefunikwa. Chemchemi mbili za upande wa machweo zilitoa rangi, lakini hizo zilikuwa kando ya malisho na hakuna aliyezitegemea.

"Chemchemi ya mawio, ya mama Tabea," alisoma Anania. Sauti yake haikutetereka. "Kitambaa kilirudi cheupe."

Priska akamgeukia. "Mbona wewe uliniambia kijani?"

"Nilikuambia kijani."

"Basi inuka useme."

Tabea hakuinuka. Asimame vipi mbele ya wazee wote, ajibizane na mkwe wake, amwite mwongo? Esteria angeweka wapi uso wake? Na hata angesema, angemwambia nani? Bwana Nyufa hakuwa na masikio ya Kibena isipokuwa ya Anania, wala mdomo wa Kibena isipokuwa wa Anania. Bwana Shauri aliuliza kama kuna mwenye neno. Priska alimchoma kiwiko. Tabea akakaza kanga yake, na baraza likavunjwa.

Jioni ile alikaa chini ya paa lile alilolishukuru kwa maneno mengi, akaliona zito. Alizipitia sahani zote alizompelekea mtu yule: ugali wa ulezi, kuku wa Krismasi, mboga za maboga zilizotiwa karanga. Akajisemea moyoni kwamba kumbe alikuwa akilisha kitu asichokijua. Aliyezungumza na kuku nyuma ya ukuta, ndiye aliyesimama mbele ya watu na kumuuza kwa sauti tulivu.

Kesho yake mahema yaling'olewa. Lori lilikuwa likienda Makambako kujaza mafuta na kungoja mtambo, kisha Bwana Nyufa aondoke moja kwa moja. Tabea alipata nafasi juu ya magunia ya viazi katika gari la mfanyabiashara, akafika Makambako mchana, vumbi hadi kwenye kope. Lile lori lilikuwa limesimama mbele ya maduka ya Wahindi, pale njia zinapoachana. Bwana Nyufa alikuwa akikunywa chai kwenye ngazi za duka. Anania alikuwa akifunga kamba.

Tabea alikwenda mpaka mbele yake, akaiteremsha kanga mabegani, akamtazama usoni.

Kamba ikamtoka Anania mkononi. Akageuka upesi, akafunika macho kwa kiganja, kama mtu aliyefungua mlango na kumkuta mzazi wake anaoga.

"Geuka," alisema Tabea. "Heshima umeimaliza wewe, mimi nimekuja kuifukia tu. Niambie ukinitazama: kile kitambaa kilikuwa cheupe?"

Ilimchukua Anania muda kugeuka. Tabea aliuona uso wake kwa mara ya kwanza. Ulikuwa wa kijana, kijana kuliko sauti yake, na ulikuwa na woga, lakini haukuwa na ule ujanja aliokuja kuutafuta.

"Mama," alisema, na neno lile lilimtoka kwa shida, "nilipewa cheupe."

"Na nani?"

Anania akatazama kamba iliyoanguka. Tabea naye akaitazama, na pale pale, jua la Makambako likiwaka, akahisi baridi kama ya bondeni asubuhi. Kikapu kilipita mkono wake, kikapita mkono wa Esteria, kikafika. Njia ilikuwa moja tu.

"Kilikuwa kijani," alisema taratibu. "Mwambie bwana wako."

Anania akamwambia. Aliongea kwa muda mrefu, na safari hii Tabea alimtazama mdomoni. Bwana Nyufa aliweka kikombe chini. Aliuliza swali, akauliza jingine, kisha akafungua daftari lake juu ya magoti.

"Anasema anakuamini," alitafsiri Anania. "Anasema pia kazi yake imeharibika. Alikuwa ameandika kwamba upande wa mawio mwamba umefunga, nyufa hazikushikana. Watu wa mafuta wangelisoma hilo na kulifuata."

"Basi aandike ukweli."

Wakazungumza tena. Bwana Nyufa alitikisa kichwa, si kwa ukali.

"Anasema hawezi kuandika kwamba aliona kitu ambacho hakukiona. Atafuta alichoandika, ataweka kwamba upande huo hajui. Rangi imekwisha, na meli yake inamngoja. Atampelekea Bwana Shauri neno hilohilo."

"Hajui."

"Ndiyo, mama. Hajui."

"Na 'hajui' itaziba shimo?"

Hilo Anania hakulitafsiri. Wote wawili walikuwa barazani siku masharti yalipotolewa.

Tabea aliporudi alikwenda kwa Esteria kabla ya kwenda kwake. Alimkuta akichambua mboga mlangoni. Esteria alipoona uso wa mama yake, aliweka ungo chini.

"Kiko wapi?" aliuliza Tabea.

"Nilikichoma."

"Nani alikutuma? Mumeo?"

"Hajui kitu. Bwana Kondoo alimwahidi kazi ya kuendesha mashine, na nyumba ya bati pale pale kisimani. Yeye akasema tungoje rangi itasema nini. Mimi niliona vitambaa vyeupe vya akiba pale mlangoni mwa hema, na wewe ukanikabidhi kile kingine; nikalowesha kimoja cheupe, nikampa hicho. Ilikuwa hivyo tu."

"Ungeniomba."

"Ningekuomba maji yako, ungenipa?"

"Ningekupa vinyungu vya juu. Ningekupa vyote, mimi nikalima mashamba makavu."

"Sivitaki, mama. Tangu mtoto umeniweka katika tope lile, miguu imekufa ganzi kwa baridi, unaniambia huu ndio urithi wangu. Nami nilitaka nyumba kavu. Na maji ni maji, mvua italeta mengine."

Tabea alimsikiliza mpaka mwisho. Halikuwa hilo lililomuuma zaidi.

"Ulijua sitamuuliza mumeo," alisema.

"Nilijua."

"Ulijua nitakaa na kanga yangu usoni, nidhani kwamba yeye ndiye aliyeniuza."

Esteria aliokota jani la mboga, akalichana katikati, akalichana tena.

Neno la Bwana Nyufa lilifika boma, likakaa boma. Mashine ikaletwa. Anania aliikataa kazi siku chache, akapita akimsalimia mama mkwe kwa mbali kwa sauti ya mtu mwenye msiba. Kisha akaikubali. Alimtuma Priska aseme kwamba asipoiendesha yeye, ataiendesha mwingine, na shimo litavuta vilevile. Tabea alimwambia Priska asirudishe jibu.

Mashine ikawa inagonga kilimani tangu asubuhi mpaka jioni. Bondeni vyura walinyamaza kwanza. Halafu mfereji ukawa uzi, uzi ukawa unyevu, na kiangazi kilipofika katikati, Tabea aliweza kusimama pale maji yalipokuwa yakitokea na miguu yake ikabaki mikavu. Viazi vilikufa vikiwa vidogo kama njugu. Yalibaki matuta mawili ya njegere za mbegu, yaliyokuwa chini kabisa, ambayo alikuwa akiyanywesha kwa kibuyu kutoka mto wa mbali, upande wa shamba la Priska.

Mchana mmoja Esteria aliteremka bondeni na debe la maji kichwani. Alikuwa amevaa viatu. Alilitua debe ukingoni mwa tuta, akarudi nyuma hatua chache.

"Kamwene, mama."

"Kamwene."

"Nimekuletea maji. Kisimani yako mengi, Bwana Kondoo hakatazi."

Tabea aliinama juu ya debe. Yalikuwa safi, ya baridi, na yalikuwa na ile harufu ya jiwe aliyoijua tangu alipoolewa. Alichukua kata yake, akachota, akamimina kwenye mzizi wa mnjegere wa kwanza. Akachota tena, wa pili. Alikwenda hivyo mpaka mwisho wa tuta na kurudi kwa tuta la pili, jua likimpiga kisogoni, wala hakulowesha hata ulimi. Esteria alisimama akingoja kuambiwa kitu. Debe lilipokwisha, Tabea alilikung'uta, akamsogezea kwa mguu.

"Na ya kunywa, mama?"

"Ya kunywa nachota kwa Priska."

"Kesho nilete mengine?"

"Lete," alisema Tabea. "Njegere hazina kosa."

Esteria akatabasamu, akaona kwamba amesamehewa, akaweka debe tupu kichwani na kuanza kupanda. Tabea hakumwangalia akienda. Alikuwa amekwisha piga magoti, akifukia maji kwa udongo, mzizi baada ya mzizi, jua lisije likayanyonya.